Amri ya Sekela

Sogeeni, sogeeni. Anayetafuna amalize kwanza. Anayetaka kukohoa akohoe sasa. Tayari? Basi na mimi niko tayari.

Palikuwa na msichana, jina lake Sekela. Alikuwa na miaka sita na pengo kubwa mbele. Aliishi Iringa, kwenye baridi, pamoja na mama yake.

Sekela alipenda kitu kimoja kuliko pipi. Alipenda kusaidia.

Ukifua, Sekela yumo. Ukipika, Sekela yumo. Ukichota mkaa kwenye gunia, Sekela yumo, na gauni lake jeupe nalo limo.

Na kila alipotaka kusaidia, aliimba hivi:

*Nipeni kazi, nipeni kazi,*
*niko tayari, nipeni kazi.*

Jumamosi moja, mama alimwamsha mapema. Nje kulikuwa na ukungu mzito. Hata choo cha jirani hakikuonekana.

"Amka, Sekela," alisema mama. "Leo watu wa mtaa wetu tunakwenda kuwasaidia wazee."

"Wazee gani, mama?"

"Wazee waliokuwa askari. Zamani walikwenda vitani kwa ajili yetu. Wengine waliumia huko. Sasa wamezeeka, na wanaishi pamoja kule kilimani."

"Tutawafanyia nini?"

"Tutafua. Tutafagia. Tutapika. Tunajitolea tu, hakuna anayelipwa."

Lakini Sekela hakuwa tena kitandani. Alikuwa chini ya kitanda, anatafuta viatu.

*Nipeni kazi, nipeni kazi,*
*niko tayari, nipeni kazi.*

Nyumba ya wazee ilikuwa ndefu, na bati lake lilikuwa jekundu. Mbele palikuwa na kibaraza kirefu. Nyuma palikuwa na bustani ya kabichi, na kuku waliojiona wenye nyumba.

Dada Blandina aliwapokea mlangoni. Yeye ndiye aliyewatunza wazee kila siku. Alikuwa amefunga kanga kiunoni, na mikono yake ilikuwa na povu la sabuni.

"Karibuni, karibuni," alisema. "Kazi zipo. Hata mkileta mtaa mwingine, bado zipo."

Sekela alifurahi. Hapo ndipo pake.

Alikimbilia ndoo ya maji. Akaishika kwa mikono miwili. Akavuta. Ndoo ikakataa. Akavuta tena.

Chubwi.

Maji yakaingia kwenye viatu vyake, kiatu cha kulia na kiatu cha kushoto.

"Hiyo nzito, mwanangu," alisema mama. "Iache."

Sekela akakimbilia fagio. Akafagia uwanja kwa nguvu zote.

Fya, fya, fya.

Vumbi likapanda juu. Likaenda moja kwa moja kwenye mashuka yaliyofuliwa sasa hivi.

"Acha, Sekela, acha," walisema akina mama wote kwa pamoja.

Masikini Sekela. Mimi namwonea huruma, sijui nyinyi. Watu wazima wanasema watoto wasaidie. Watoto wakisaidia, wanaambiwa waache.

Dada Blandina aliuona mdomo wa Sekela unaanza kuvimba. Akachuchumaa mbele yake.

"Wewe nina kazi yako," alisema. "Nenda kibarazani, ukakae na wale wazee wawili. Wakitaka kitu, njoo uniambie."

Kukaa? Kukaa ni kazi? Hata paka anakaa.

Lakini Sekela alikwenda. Viatu vyake vilisema chwe, chwe, chwe.

Kibarazani palikuwa na Mzee Tawete na Mzee Nyenza.

Mzee Tawete alikuwa mrefu na mwembamba. Alikuwa na mguu mmoja. Ule mwingine uliumia vitani, na madaktari wakaukata. Alitembea kwa magongo. Ko, ko, ko.

Mzee Nyenza alikuwa mfupi, na tumbo lake lilikuwa la mviringo. Alikuwa na miguu yote miwili. Lakini mikono yake ilitetemeka. Ilitetemeka asubuhi, ilitetemeka jioni. Hata kifungo cha shati hakuweza kukifunga mwenyewe.

"Shikamooni, babu," alisema Sekela.

"Marahaba, mjukuu," waliitikia wote wawili.

Sekela akakaa kwenye benchi, kando ya Mzee Nyenza. Akaweka mikono magotini. Akasubiri kazi.

Mara Mzee Tawete akanyoosha mkono. Akamvua Mzee Nyenza kofia yake ya sufu. Akaiweka kwenye kigoda. Akaikalia.

Sekela akatoa macho.

"Mwizi huyo," alisema Mzee Nyenza. "Mngoni ni Mngoni tu. Nipe kofia yangu."

"Ikomboe kwa karanga," alisema Mzee Tawete.

"Karanga nikupe wewe? Babu zako waliwakimbia babu zangu mpaka wakasahau vyungu jikoni."

"Babu zangu?" alisema Mzee Tawete. "Babu yako alipanda juu ya mti alipomwona babu yangu. Akakaa huko mpaka akaota majani. Wahehe nyote mko hivyo."

"Mtoro wewe."

"Mtoro mwenyewe."

Sekela aliwatazama. Akamtazama huyu, akamtazama yule. Moyo wake ukaanza kwenda mbio. Du, du, du.

Wazee hawa walikuwa wanagombana. Tena walikuwa wanagombana vibaya. Walitajana mpaka babu zao.

Sekela alijua la kufanya. Kule chekechea, watoto wakigombana, mwalimu huwatenganisha. Mmoja hukaa huku, mwingine hukaa kule. Na ugomvi huisha.

Kumbe kazi ilikuwepo. Kazi kubwa, tena ya kwake peke yake.

Alisimama mbele ya Mzee Tawete.

"Babu, twende ukakae nyuma ya nyumba. Kuna jua."

"Hata hapa kuna jua, mjukuu."

Sekela akajikaza. Akatoa sauti ya mwalimu.

"Simama, babu. Twende."

Mzee Tawete alimtazama yule mtoto wa viatu vya maji. Macho yake yakacheka kidogo.

"Hiyo ni amri?"

"Ndiyo," alisema Sekela. "Ni amri."

"Basi sawa. Askari akipewa amri, anatii."

Akairudisha kofia kichwani kwa Mzee Nyenza. Akachukua magongo yake. Ko, ko, ko. Sekela akafuata nyuma, anakokota kigoda. Krrr, krrr, krrr.

Wakazunguka nyumba. Wakafika kwenye kabichi. Kuku wakasogea pembeni, lakini kwa shingo upande.

"Kaa hapa, babu," alisema Sekela. "Usirudi kule mpaka nikuambie."

"Ndiyo, afande," alisema Mzee Tawete. Akakaa, mgongo wima, kama yuko zamu.

Sekela alirudi mbio. Chwe, chwe, chwe.

"Babu Nyenza, nimemwondoa," alisema. "Hatakuchokoza tena."

Mzee Nyenza aligeuka. "Umemwondoa?"

"Ndiyo."

"Na yeye akakubali kuondoka?"

"Amekubali."

"Hakusema kitu?"

"Amesema sawa."

Mzee Nyenza alipatazama pale palipokuwa na kigoda. Alipatazama kwa muda mrefu.

"Haya," alisema.

Kisha hakusema neno lingine.

Kibaraza kikawa kimya. Hakuna mwizi, hakuna mtoro. Hata nzi alisikika akipita. Zzzz.

Sekela akajipongeza. Ugomvi umekwisha. Na nani ameumaliza? Yeye mwenyewe, Sekela wa mama Sekela. Akaimba polepole, miguu inaning'inia:

*Nipeni kazi, nipeni kazi,*
*niko tayari, nipeni kazi.*

Ukafika wakati wa chakula. Harufu ya wali na maharage ikajaa nyumba nzima. Mama akaja kibarazani na sahani ya Mzee Nyenza.

"Karibu chakula, baba," alisema mama. "Ngoja nikulishe, nimeambiwa mikono inakusumbua."

Akachota kijiko. Akakipeleka mdomoni.

Mzee Nyenza akageuza uso.

"Sina njaa, mwanangu."

"Kidogo tu, baba. Dada Blandina amesema lazima ule, ndipo unywe dawa. Dawa yako haitaki tumbo tupu."

"Sina njaa."

Mama akabembeleza. Akapoza wali, fuu, fuu. Akachagua maharage yaliyoiva vizuri. Mzee Nyenza akafunga mdomo, akatazama ukutani.

Mama akaweka sahani chini. Uso wake ulikuwa na wasiwasi.

"Sekela, kaa naye hapa. Namtafuta Dada Blandina."

Sekela akabaki na Mzee Nyenza. Wali ulikuwa unapoa. Dawa ilikuwa kwenye kisahani, kidonge kimoja cheupe.

"Babu, unaumwa wapi?"

"Siumwi popote, mjukuu."

Lakini Sekela aliona jicho lake. Lilikuwa na maji. Na mikono ilitetemeka zaidi kuliko asubuhi.

Sekela akautazama ule wali. Babu hataki kula. Asipokula, hanywi dawa. Asipokunywa dawa, itakuwaje? Na asubuhi alikuwa mzima, anapiga kelele kuhusu vyungu.

Akateremka kibarazani. Akazunguka nyumba taratibu, mpaka kwenye kabichi.

Mzee Tawete alikuwa palepale, mgongo wima. Sahani yake ilikuwa chini. Hakuigusa. Kuku mmoja aliitazama sahani, akamtazama mzee, akaitazama sahani tena.

"Babu, huli?" aliuliza Sekela.

"Nitakulaje? Mimi ndiye ninayemlisha yule Mhehe kila siku. Leo nani anamlisha?"

"Mama yangu. Lakini amekataa."

"Amekataa chakula?" Mzee Tawete akacheka. "Analeta maringo. Amesema nini juu yangu? Lazima kuna neno amesema."

"Hajasema kitu," alisema Sekela. "Amenyamaza."

Kicheko cha Mzee Tawete kikakatika.

"Nyenza amenyamaza?"

"Ndiyo, babu. Tangu ulipoondoka."

Mzee Tawete akashika magongo yake, kisha akayaacha. Akamwita Sekela karibu.

"Niambie, mjukuu. Kwa nini ulinileta huku?"

"Kwa sababu mnagombana. Mwalimu anasema wanaogombana wakae mbali."

"Nani amekuambia tunagombana?"

"Uliikalia kofia yake. Yeye akakuita mwizi. Akakuita mtoro. Na wewe ukasema babu yake aliota majani."

Mzee Tawete alijaribu kutocheka. Akashindwa.

"Sikiliza," alisema. "Mimi ni Mngoni. Nyenza ni Mhehe. Zamani, zamani sana, babu zetu walipigana. Wakapigana mpaka wakachoka. Kisha wakapatana. Tangu hapo sisi ni watani."

"Watani ni nini, babu?"

"Mtani wako anakuchokoza, nawe unamchokoza. Anachukua kofia yako, na hukasiriki. Anawacheka babu zako, nawe unawacheka wa kwake. Lakini ukiugua, yeye ndiye wa kwanza kufika. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuchekesha ukiwa na machozi."

"Kwa hiyo hamjakasirikiana?"

"Hata kidogo. Siku tukikasirikiana, ataniita bwana Tawete, nami nitamwita bwana Nyenza. Hapo ndipo uogope."

Sekela akafikiri. Kuku naye akasogea hatua moja.

"Nikuambie jambo jingine," alisema Mzee Tawete. Sauti yake ilikuwa ya chini sasa. "Siku mguu wangu ulipoumia, nilikuwa nimelala kwenye matope. Mvua inanyesha. Nyenza akanibeba mgongoni."

"Mikono yake haikutetemeka?"

"Siku zile haikutetemeka. Ilikuwa na nguvu kama ya fahali. Akanibeba njia ndefu. Mimi nilitaka kulala, mjukuu. Usingizi ulikuwa mtamu mno. Lakini mtu aliyeumia vile akilala, huenda asiamke tena."

Sekela akamshika mzee kidole.

"Basi Nyenza akanitania njia nzima. Nyinyi Wangoni wazito. Nyinyi Wangoni mnakula usiku, mmejificha. Nyinyi Wangoni hata kubebwa hamjui. Kila nikifumba macho, ananichokoza. Nami siwezi kuacha Mhehe aseme peke yake. Namjibu. Anasema, namjibu. Tukaenda hivyo mpaka kwa daktari."

"Hukulala?"

"Ningelalaje na ule mdomo?"

Mzee Tawete akafuta jicho kwa mgongo wa mkono.

"Nyenza hajawahi kunyamaza nikiwa karibu. Leo ni mara ya kwanza."

Sekela akaanza kulia. Hakulia kwa kelele. Machozi yalishuka tu, moja huku, moja kule.

"Ni kosa langu," alisema.

"Ulitaka kusaidia."

"Ndiyo."

"Lakini hukutuuliza."

"Sikuwauliza," alisema Sekela.

Mzee Tawete hakumgombeza. Alimpa kitambaa chake. Kilikuwa na harufu ya sabuni na karanga. Sekela akapenga kamasi. Prrru.

"Turudi, babu. Turudi sasa hivi."

"Siwezi," alisema Mzee Tawete. "Nina amri. Umesema nisirudi mpaka uniambie."

"Nimekuambia."

"Hapana. Huko ni kuomba. Toa amri vizuri."

Sekela akasimama wima. Akavuta gauni chini. Akainua kidevu, ingawa pua ilikuwa bado nyekundu.

"Mzee Tawete. Mguu sawa."

"Upo mmoja tu, afande. Na huo uko sawa."

"Rudi kwa mtani wako."

"Ndiyo, afande."

Ko, ko, ko. Krrr, krrr, krrr. Walitembea haraka, mzee mbele, kigoda nyuma. Sahani ya wali ilibaki na kuku. Hayo sasa ni mambo ya kuku.

Mzee Nyenza alikuwa bado anatazama ukuta. Sekela akaweka kigoda mahali pake. Mzee Tawete akakaa.

"Mhehe," alisema Mzee Tawete.

Kimya.

"Mtoro."

Kimya.

Kisha Mzee Nyenza akasema, lakini kwa sauti ndogo sana.

"Nilidhani umenichoka."

Mzee Tawete akafungua mdomo. Akaufunga. Mzee aliyekuwa na neno kwa kila jambo, leo alikosa neno.

Hapo Sekela akajua kwamba maneno ni ya kwake. Alikuwa anaogopa. Du, du, du. Lakini akasogea mpaka kwenye magoti ya Mzee Nyenza.

"Babu Nyenza," alisema. "Hakukuchoka. Mimi ndiye niliyemwondoa. Nilimpa amri akae kwenye kabichi. Nilidhani mnagombana, na sikuuliza. Nisamehe, babu."

Mzee Nyenza akatazama magoti yake.

"Na yeye hakula," alisema Sekela. "Aliuliza nani anakulisha wewe. Chakula chake wamekula kuku."

Mzee Nyenza akainua kichwa polepole.

"Ulimpa amri?"

"Ndiyo, babu."

"Na yeye akatii?"

"Alitii."

Mabega ya Mzee Nyenza yakaanza kutikisika. Kisha tumbo. Kisha mzee mzima.

"Mngoni mzima," alisema, "mwenye mvi mpaka masikioni, anapelekwa kwenye kabichi na mtoto wa chekechea."

"Hukuyaona macho yake huyu mtoto," alisema Mzee Tawete. "Alikuwa mkali."

"Mtoro wewe."

"Mtoro mwenyewe."

Wakacheka, watoto wangu. Walicheka mpaka wakakohoa, wakakohoa mpaka wakacheka tena. Mama na Dada Blandina walikuja mbio, mmoja ana mwiko mkononi.

"Kuna nini huku?" aliuliza Dada Blandina.

"Kuna njaa," alisema Mzee Nyenza. "Tangu asubuhi mtu anakaa hapa bila chakula."

Mama akamtazama Sekela. Sekela akatazama viatu vyake.

Dada Blandina akaleta wali wa moto, sahani mbili. Mzee Tawete akashika kijiko. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Fungua mdomo, Mhehe. Fungua zaidi. Kuongea unaufungua, kula hutaki."

Am.

Mzee Nyenza alikula kijiko cha kwanza. Akala cha pili. Akala mpaka sahani ikabaki nyeupe. Ndipo Mzee Tawete akaanza sahani yake.

"Sasa dawa," alisema Mzee Tawete. "Mimi nina kijiko mkononi. Nani atashika kikombe?"

Sekela alifungua mdomo aimbe. Akaufunga. Akamgeukia Mzee Nyenza.

"Babu, nikushikie kikombe?"

"Nishikie, mjukuu."

Sekela akashika kikombe kwa mikono miwili. Akakiinua polepole, bila kutikisa. Kidonge kikaingia. Maji yakafuata. Glu, glu, glu. Hata tone moja halikumwagika.

"Na sasa, babu? Nikusaidie nini tena?"

Mzee Nyenza akafikiri.

"Mgongo unaniwasha. Unaniwasha tangu juzi, na mikono hii haifiki. Huyu Mngoni nikimwomba, ananikuna mahali pengine makusudi."

Sekela akapanda juu ya benchi, nyuma yake. Akaanza kukuna. Kru, kru, kru.

"Hapa, babu?"

"Juu kidogo."

"Hapa?"

"Kushoto. Chini. Hapo. Hapohapo, mjukuu. Usitoke hapo."

Mzee Nyenza akafumba macho kwa raha. Na Sekela akaimba, wimbo uleule, ila umebadilika kidogo:

*Nimeuliza, nimeuliza,*
*nipeni kazi, nimeuliza.*

Mchana wote ulipita hivyo. Sekela alifunga vifungo vya shati. Aliokota gongo lililoanguka. Alimenya karanga, na karanga nyingine zilipotea njiani, tusiulize ziliingia wapi. Na juu ya kichwa chake wale wazee walisemana, walisemana, walisemana, wala moyo wake haukwenda mbio tena.

Jua likaanza kushuka. Mashuka yalikuwa yamekauka, uwanja ulikuwa safi, masufuria yaling'aa. Watu wa mtaa wakaanza kuaga.

Sekela akasimama mbele ya wazee wake. Hakutaka kuondoka. 

"Kwaherini, babu."

Mzee Nyenza akakunja uso.

"Wewe mtoto," alisema. "Nimekaa jeshini miaka mingi. Nimeona maafande wa kila namna. Wewe ndiye afande mbovu kuliko wote. Nenda zako. Sitaki kukuona hapa mpaka Jumamosi."

Mama akashtuka kidogo. Akataka kumshika Sekela mkono, asije akalia.

Lakini Sekela hakulia. Alimtazama mzee usoni. Aliona vizuri jinsi macho yake yalivyokuwa yanamsubiri.

"Hata mimi sitaki kukuona, babu," alisema Sekela. "Jumamosi nitakuja kukuambia tena."

Kibaraza chote kikalipuka kwa kicheko. Mzee Tawete alipiga gongo chini. Ko, ko, ko.

"Mhehe," alisema, "leo umepata mwenzio."

Jioni ile, nyumbani, Sekela aliogeshwa. Akala. Akapanda kitandani. Mama akamfunika blanketi mpaka shingoni, kwa sababu ya baridi.

"Leo umesaidia nini, mwanangu?"

"Nimeshika kikombe," alisema Sekela. Alikuwa na usingizi. "Nimekuna mgongo. Na nimemwumiza babu, halafu nimemwomba msamaha, akala."

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda. Alimpapasa kichwa.

"Na yale maneno aliyokuambia Mzee Nyenza kibarazani, hayakukuuma? Kukuita afande mbovu?"

Sekela akafungua jicho moja. Akatabasamu, pengo lote likaonekana.

"Kuliko wote, mama," alisema. "Alisema kuliko wote."

Akalifunga jicho lake. Akalala.

Haya, Sekela amelala, na mimi nimemaliza. Nyinyi je? Mbona mnanitumbulia macho? Fumbeni, wabishi wakubwa nyinyi. Sitaki kuwaona mpaka asubuhi.